Redio Tatu za Ng'ambo ya Bonde

Nyumba ya mama iko ng'ambo ya bonde, na naiona kutoka mlangoni kwangu siku ambazo ukungu umekubali. Kwa macho ni karibu, unaweza kudhani ukirusha jiwe litaangukia batini. Kwa miguu ni habari nyingine: unateremka katikati ya mashamba ya maharage mpaka mtoni, unavuka juu ya gogo, halafu unapanda njia inayowakata pumzi hata mbuzi. Nilipoolewa upande huu, watu walisema nimeolewa jirani. Nadhani hawakuwahi kuipanda njia ile wakiwa na haraka.

Zamani sikuhitaji haraka, kwa sababu palikuwa na moshi. Huku kwetu kila nyumba ikiamka hutazama nyumba nyingine. Mtu akitoka kunawa uso anatupa jicho ng'ambo, na jiko ambalo halijafuka huuliziwa. Anayeliona anapaza sauti kutoka ukingo huu hadi ule: "Nyie wa chini ya mwamba, mmeamkaje?" Jibu lisiporudi, mtu anatumwa. Baba alipofariki na mama akabaki peke yake na mbuzi wake, nilizoea kuutafuta moshi wake kabla sijatafuta kanga yangu. Ukionekana juu ya paa, mwembamba, umeinama kidogo upande wa mtoni, basi. Nageuka ndani kuchemsha chai.

Kisha macho ya mama yakaanza kufifia, na daktari akamwambia aachane na moshi wa kuni. Kaka yangu anaishi Dar es Salaam na ni mtu wa kutenda mambo upesi. Alinunua jiko la gesi, akalipandisha kutoka Mombo kwa gari mpaka pale barabara inapoishia, na kutoka hapo likabebwa kichwani hadi nyumbani. Lilikuwa jambo jema, na mama aliacha kukohoa. Lakini asubuhi iliyofuata nilisimama mlangoni nikaona paa, nikaona migomba, nikaona mbuzi wakitoka, nikaona kila kitu isipokuwa kile nilichokuwa nakitafuta.

Simu anayo, ile ndogo ya batani. Ila nyumba imejikunja chini ya mwamba na mtandao haufiki. Ili apatikane lazima apande mpaka kwenye mikaratusi ya juu kilimani. Kwa mtu asiyeona vizuri, kupanda huko kila alfajiri ili aseme yu mzima ndiyo njia ya hakika ya kutokuwa mzima.

Ndipo zikaingia redio. Mama anaziita redio zote, nami nimemfuata, ingawa ni vile vidude vya kucheza nyimbo zilizohifadhiwa kwenye memori kadi.

Ya kwanza ilikuwa ya binti yangu, aliyoiacha alipopata simu kubwa. Kilikuwa kijiti cha rangi ya fedha, kifupi kama kidole, chenye kioo kidogo na nyaya mbili za kutia masikioni. Sijasikia sauti safi kuliko ile. Ukizivaa zile nyaya unamsikia hata mpiga tarumbeta akivuta pumzi kabla ya kupuliza. Tulimjazia mama nyimbo za kwaya, na tarumbeta za Pasaka, zile ambazo usharika hupiga kilimani kabla jua halijatoka. Akakipenda siku hiyo hiyo.

Wiki ile nilikwenda kumtazama, nikasimama uani na kubisha hodi. Kimya. Nilibisha tena. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenipa mgongo, mikono imelala juu ya ungo wa maharage.

"Mama, shikamoo!"

Hakugeuka. Mbuzi ndio walionitazama. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake, nimenyoosha mkono, pale alipofungua kinywa na kuimba sauti ya pili kwa nguvu zote, akiwa nje ya wimbo kabisa. Nilimgusa bega. Ungo ukaruka, maharage yakatawanyika ua mzima.

"Unataka kuniua?"

"Nimebisha hodi mpaka koo limekauka, mama."

"Ungebisha kwa Kishambaa ningesikia," alisema, akivuta nyaya masikioni. "Haya, marahaba. Okota maharage."

Tuliokota tukicheka, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na jambo kichwani. Kile kijiti kilikuwa kimemfunga ndani. Mtu akija hasikiki, na yeye mwenyewe kwa nje ni kimya. Kwa masikio ya mtu mmoja hakuna kitu bora kuliko kile. Kwa bonde hakifai.

Ya pili ilikuwa nyekundu, kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na spika yake mbele na tochi ubavuni. Betri yake ni ile ile ya simu ndogo, ambayo jirani wa mama, mwanamke anayelima karoti chini kidogo ya nyumba, alikuwa akimchajia kwenye sola yake. Sauti yake ilikuwa kavu na kali, kama mtu anayeimbia ndani ya debe. Ukiilinganisha na kijiti cha fedha ungeona aibu. Lakini nilikuja kugundua kwamba bonde letu lina masikio ya namna yake. Sauti nene hulala kwenye majani na kufia huko. Nyembamba huvuka. Tarumbeta za kisanduku kile zilifika kwangu zikiwa zimenyauka, ila zilifika.

Na batani zake zilikuwa zimetokeza kama punje za mahindi. Mama hakuhitaji macho. Kidole chake kilijua ipi ya kuwasha, ipi ya kuongeza, ipi ya kuzima.

Kila asubuhi alipobandika maji ya chai aliiwasha na kuiweka dirishani. Mimi huku nilikuwa nimeshasimama mlangoni. Mwanzoni ni kama mbu, huna hakika, unabana pumzi. Kisha upepo unageuka na wimbo unakuja mzima. Baba watoto alikuwa akiniuliza kutoka ndani, "Kituo cha ng'ambo kimeshafungua matangazo?" Nikijibu kimefungua, anavuta kiti. Nyumbani kwetu hakuna aliyekunywa chai kabla ya redio ya mama, hata watoto walijua. Mama peke yake ndiye hakuambiwa. Niliona akijua kwamba tunamsikiliza ataona tunamlinda, na akiona tunamlinda atazima, kwa kuwa ndivyo alivyo.

Tuliishi hivyo miaka kadhaa. Kisha kisanduku kikaanza kuchoka. Batani ya kuwashia ikawa inazama na kugoma kurudi. Asubuhi ambayo iligoma, mimi niliteremka bondeni viatu mkononi, nikapanda upande wa pili kwa magoti, na kumkuta mama akinywa chai yake.

"Mbona unahema?"

"Nilikuwa napita tu."

"Kupita kwenda wapi? Njia inaishia hapa."

Mara ya tatu ilipogoma, nilikosea nikamwambia kaka kwenye simu. Akasema kile ambacho nilijua kimekaa mdomoni mwake siku nyingi.

"Mdogo wangu, mama ahame. Aje kwako au aje kwangu, achague. Nyumba tutaifunga."

"Hatakubali. Kaburi la baba liko pale."

"Kwa hiyo tunasubiri yawe mawili?"

Nilimwomba anipe nafasi nitafute redio nyingine. Alikubali kwa shingo upande, akaongeza kwamba likitokea jambo lolote atakuja na gari wala hatauliza mtu. Kwa hiyo siku ya soko niliyoshuka Lushoto sikuwa nanunua redio. Nilikuwa nanunua ruhusa ya mama kuendelea kulala kwake.

Muuzaji ana kibanda karibu na stendi, amekizungushia redio mpaka juu kama jogoo kwenye tenga. Nilimweleza ninachotaka: isikike mbali, ichezeke na mtu asiyeona vizuri, isizimike ovyo.

"Mama, unataka redio au unataka mnara?"

"Vyovyote, mradi ivuke bonde."

Aliniwekea tatu juu ya meza. Kulikuwa na nyekundu mpya, ndugu wa ile ya zamani ila nyepesi zaidi, na nilipoitikisa kitu kililia ndani. Kulikuwa na spika ya duara yenye sauti tamu, lakini haina mahali pa kadi. Lazima iongozwe na simu kubwa, na mama hana simu kubwa. Halafu kulikuwa na nyeusi. Hiyo ilikuwa na mkono wa kubebea, spika mbili, na kioo cha sola mgongoni. Niliwauliza akina mama wauza nyanya waliokuwa ng'ambo ya barabara kama wanaisikia. Walinijibu kwa kucheza.

"Hii ukiianika juani asubuhi, inaimba mpaka kesho," alisema muuzaji. "Nyimbo zikiisha inarudi mwanzo yenyewe. Betri hii haijui kufa."

"Batani zake ziko wapi?"

Alipitisha kidole juu ya uso laini wa redio. "Hapa unagusa tu. Mambo ya kisasa."

Nilipagusa nami sikuona tofauti ya pa kuwasha na pa kuzima. Lakini masikio yangu yalikuwa bado yako kwa wale akina mama wa nyanya. Nilibeba nyeusi.

Kwa kipimo changu ilizishinda zote. Haikuja kama mbu. Ilikuja kama kwaya nzima imesimama shambani kwangu. Hata ukungu haukuizuia. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu gesi ilipokuja, na nilimpigia kaka kumtambia. Mama hakuifurahia. Alisema inaongea kama mgeni asiyejua kuaga. Kidole chake hakikupata pa kuzimia, akigusa inabadilisha wimbo, akigusa tena inapandisha sauti, basi akawa anaiacha iimbe mpaka jirani apite amzimie.

"Irudishe," aliniambia. "Ile nyekundu ilinitosha."

"Nyekundu imekufa, mama."

"Haijafa. Inataka kubembelezwa."

Sikuirudisha. Nilikuwa na amani, na mtu mwenye amani hasikii vizuri.

Ulikuwa msimu wa baridi, ukungu umekaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli. Asubuhi hiyo redio ilikuwa inaimba nilipofungua mlango. Nikasema kituo kimefungua, tukanywa chai, nikaenda kwenye kabichi. Niliisikia nikipalilia. Jua lilipojaribu kupenya niliisikia bado, nikafurahi kwamba mama leo ana raha. Ndipo sauti ya mtu ikatoka ndani ya ukungu, kali, ikivuta maneno kama tunavyoyavuta tukitaka yavuke. Alikuwa jirani wa karoti. Aliita jina la ukoo wetu, kisha akasema: "Njooni na machela!"

Sikumbuki gogo la mtoni. Namkumbuka mama, amelala kwenye nyasi za banda la mbuzi, amefunikwa kanga za jirani, midomo imekauka. Alikuwa ametoka jioni kuwafungia mbuzi, akateleza kwenye mawe mabichi, mguu ukamgeuka. Hakuweza kusimama. Alijikokota bandani, akalala katikati ya mbuzi, na joto lao ndilo lililomvusha mpaka asubuhi. Redio alikuwa ameiwasha kwa ajili ya sala ya jioni.

"Niliita," alisema. "Niliita sana. Kila nikiita, ile inaimba zaidi yangu."

Jirani alikuwa analia. Alikuwa amepita njia ya chini alfajiri akienda shambani, akasikia nyimbo, akasema moyoni alhamdulillah, bibi kaamka. Aliporudi alishangaa mbuzi wanalia na hawajafunguliwa. Mbuzi ndio walioniletea mama, si redio. Niliingia ndani kuizima, nikagusa huku na huku, ikapandisha sauti. Niliibeba nikaifungia kabatini, ikaendelea kuimba humo huku wanaume wakifunga blanketi kwenye miti na kupokezana mama begani mpaka barabarani.

Mguu haukuvunjika. Kifua ndicho kilichotutia hofu, hospitali wakamlaza mpaka kikafunguka. Tulipomtoa tulimleta kwangu, mguu juu ya kigoda, na kaka alikuwa ameshafika. Gari lake lilikuwa barabarani kama alivyoahidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunizika au kunihamisha?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu, nijue nguo za kuvaa."

Kaka aliongea kwa upole, kwa mpangilio, na kila alichosema kilikuwa kweli. Mimi nilikuwa namenya viazi. Hata hivyo kuna kitu kilikuwa kinanisumbua, na kilikuwa kidogo, kama mchanga kwenye wali. Asubuhi zote zile za kisanduku chekundu, ni wakati gani hasa nilikuwa nageuka ndani? Nilirudi nyuma polepole. Nimesimama mlangoni. Wimbo unakuja. Bado nimesimama. Ubeti wa kwanza, wa pili. Na kisha, katikati ya ubeti wa tatu au hata katikati ya neno, kimya, na hapo ndipo nilipogeuka kumimina chai. Sikuwahi hata mara moja kusikia wimbo wa mama ukifika mwisho. Maji yalikuwa yanachemka, yeye anaionea uchungu chaji ya jirani, anazima.

Kwa hiyo sikuwa nasikiliza wimbo, nilikuwa nasikiliza kidole. Redio yoyote inaweza kuimba peke yake, na ile nyeusi iliimba peke yake usiku kucha kwa uhodari mkubwa. Kukata wimbo katikati kunahitaji mtu.

Niliwaeleza. Kaka alikunja uso akifikiri. Mama aligeuza uso wake upande wa sauti yangu.

"Ngoja. Kwa hiyo miaka yote hii mimi namwimbia Mungu, kumbe ninyi mko mlangoni mnanichungulia kwa masikio?"

"Ndiyo, mama."

"Na chai hamnywi?"

"Hatunywi," alijibu baba watoto. "Siku ukichelewa kuamka watoto wanachelewa shule."

Nilidhani atakasirika, na alikasirika. Viazi vilipoiva akala kwanza, ndipo alipomwambia kaka, bila kumtazama: "Nipe masika moja. Nitaukata wimbo kila siku, nyimbo zangu zitanisamehe. Siku usipokatika, leta gari lako."

Kaka aliniangalia. Sikumsaidia, hata mimi sikuwa na uhakika. Mwishowe alisema masika moja, basi. Nyekundu tuliipeleka kwa muuzaji, akaifungua, akatoa uchafu na kuibembeleza ile batani kama mama alivyosema. Nyeusi alikubali kuipokea, akashangaa tunalalamika kwamba haizimiki.

Mama alirudi kwake mguu ulipokubali njia. Asubuhi ya kwanza nilikuwa mlangoni kabla ya kuku. Ukungu ulikuwa umeziba bonde lote. Nilisubiri mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi, ndipo mbu akaja. Kisha tarumbeta. Ubeti wa kwanza, wa pili. Ubeti wa tatu uliingia, nikaegemea mlango nikisubiri ukatike. Haukukatika. Ulikwenda mpaka mwisho, ambao sikuwa nimewahi kuusikia kutoka ng'ambo ile, na baada ya kimya kifupi wimbo mwingine, wa kwaya, ukaanza.

Baba watoto alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilivua viatu. Nilipita kwenye maharage nikijisemea kwamba batani imezama, ni batani tu, na wimbo ulinifuata ukishuka pamoja nami. Nilikuwa nimefika kwenye gogo, mguu mmoja juu yake, pale ulipokatika. Katikati ya neno.

Nilisimama hapo, maji yakipita chini yangu. Kisha sauti ya mama ikateremka kutoka kwenye ukungu, kwa Kishambaa, ikivutwa ili ivuke.

"Rudi ukanywe chai! Nilikuwa nataka kujua unavyoisha!"

Nilikaa kwenye gogo kwanza. Halafu nilipanda kurudi kwangu, nikaagiza wamimine, nikashika kikombe kwa mikono miwili. Kesho yake niliamka mapema zaidi.